Mto wa Mama Kola

Watu wa kiwanda kile cha sare za shule walimwita Mama Kola kwa sababu moja tu: kwa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye cherehani ileile karibu na dirisha, akishona kola na si kingine. Wengine mikono, wengine mifuko, yeye kola. Alizishona vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Kila nafasi ya kupanda ilipotokea, msimamizi alijikuna kichwa na kusema, "Sasa nikimtoa huyu, kola atashona nani?" Watatu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe walishampita, na mmoja wao siku hizi hata kumsalimu aliona shida.

Wiki ile tangazo lilibandikwa mlangoni: fundi mkuu wa kukata anastaafu, anayetaka nafasi yake aandike jina kabla ya Ijumaa. Basi utulivu ukamtoka Mama Kola. Kabla ya saa nne alikuwa amekwenda kunywa maji mara sita, na mara zote sita alipitia mlangoni. Alisoma tangazo mpaka akajua nukta zake zilipo. Aliishika kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaiachia. Jumatano akapiga moyo konde, akaandika, akarudi kukaa kwenye cherehani.

Msimamizi alikuja kusimama nyuma yake. "Mama Kola, na wewe umo? Kukata si kushona, dada yangu. Meneja akikuuliza umewahi kukata nini, utamjibu nini?"

Mama Kola akavuta kola nyingine. Lakini swali lilimwingia na halikutoka. Alitembea nalo hadi nyumbani, akaosha nalo vyombo, akafagia nalo chumba kilichokwisha kufagiliwa.

"Hebu kaa," alisema mama yake, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi. "Unanizungusha kichwa."

"Mimi nataka kukaa, mama. Miguu ndiyo haitaki."

Mama akacheka, akajigeuza, akaukandakanda mto wake na kuurudisha chini ya shingo. Mama Kola akautazama mto ule. Akautazama tena.

Yafaa tuseme kilichokuwa ndani yake. Kule kazini, kola zilikuja kutoka meza ya kukatia zikiwa kubwa kuliko shingo ya shati. Chaki ya kuchorea ilikuwa butu, mstari ukawa mnene, na mkasi ukapitishwa nje ya mstari. Lilikuwa kosa la nusu kidole tu, lakini kola iliyozidi nusu kidole haikai, inajikunja. Mwaka wake wa kwanza alikwenda kumwambia msimamizi. "Kwani wewe huna mkasi?" akajibiwa. Toka siku hiyo aliikata ziada mwenyewe, kola moja baada ya nyingine, akashona, akanyamaza. Vipande alivitia kwenye kikapu chini ya cherehani, na kwa kuwa hakupenda kutupa kitu, alivibeba nyumbani na kumjazia mama mto. Ulipolegea, aliushindilia tena.

"Mama, niazime mto."

"Uende nao wapi?"

"Kazini."

"Siku hizi mnalala huko? Na shingo yangu niiweke wapi?"

"Kesho tu, mama yangu. Nakuomba."

Alhamisi asubuhi alipita getini na mto kwapani. Mlinzi alicheka, washonaji walicheka, mmoja akamuuliza kama shuka ameisahau. Alipanda ngazi za ofisi mbiombio, maana alijua akipunguza mwendo atageuka. Meneja, mama mmoja aliyezoea kuning'iniza miwani kifuani, alikuwa akizungumza na msimamizi.

"Samahani, bosi. Nimesikia utaniuliza nimewahi kukata nini." Akatoa mkasi wake na kuufumua mto juu ya meza.

Vipande vikamwagika: vya buluu, vya kijani, vyeupe, vya kahawia, rangi za shule zote walizozishonea. Vingine viliangukia viatu vya msimamizi.

"Nini hiki?" aliuliza meneja.

"Kola zinazotoka humu nazikata mimi, bosi. Zinakuja zimezidi, nazipunguza. Huu mwaka wa tisa."

Meneja akavaa miwani, akaokota kipande kimoja na kukilaza juu ya kingine, kisha juu ya kingine tena. Upana ulikuwa uleule. Akamgeukia Mama Kola.

"Miaka tisa naamini meza ya kukatia haina kasoro. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema." Alimtazama msimamizi, ambaye ghafla alipata kazi ya kupangusa viatu.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu, mama?"

Hapo alitamani ardhi immeze. Alijiandaa kwa dharau, alijiandaa hata kwa matusi, lakini swali la haki hakulitarajia. "Nilidhani mtaona wenyewe," alisema.

"Tungeonaje, na wewe unaficha hivyo? Jumatatu anza kukata. Nakupa mwezi mmoja, halafu tutaamua."

Jumatatu alinoa chaki mpaka ikachongoka. Alizunguka ile meza ndefu kutwa nzima, na hakuna aliyemwambia akae. Kwenye cherehani ya dirishani aliwekwa binti mgeni, mpole, mwenye adabu zake. Siku ya nne Mama Kola alipita hapo, chaki ikamponyoka, akainama kuiokota, macho yakaangukia kikapuni. Mlikuwamo vipande vitatu vyembamba vya buluu.

"Vimetoka wapi hivi?"

Binti alishtuka. "Zilizidi kidogo, mama. Nimeshazipunguza. Sikutaka kukusumbua."

Uso wa Mama Kola ukawaka moto, maana kosa lilikuwa lake, na mwezi haujafika hata wiki. Aligeuka kutazama mlangoni. Msimamizi hakuwepo, na kuviacha mle kikapuni kungekuwa rahisi sana. Akaviokota vyote vitatu, akavitia kiganjani mwa binti na kukifumba kile kiganja.

"Nikizidisha, njoo mezani uniambie," alisema. "Na siku nitakayokujibu kwamba mkasi unao, panda navyo ofisini."