Mujukuu wangu ameniita Babu

Leo mujukuu wangu ameniita Babu, na tangu hapo naogopa.

Musicheke. Mi na huyu mujukuu, Idi, tuko watani. Tangu utoto wake ananiita Kibogoyo, na mi namuita mwizi wa muke wangu.

Bon, basi. Idi anafanya kazi Uarabuni. Juzi nilimuandikia, kwa kompyuta ya dada mumoja wa mutaa wa Mbugangari anayeniandikia barua: "We mwizi, ambia mufalme wako atoke kwenye kiti. Nakuja kukikalia, mi na vijana wangu wa Rugerero."

Utani tu. Alishanionya kwamba kule barua zinasomwa na watu wa serikali. Nikasema wasome, nao wacheke.

Leo jibu limefika, Kiswahili safi kama cha redio: "Babu mpendwa, naomba majina ya vijana utakaokuja nao."

Mpendwa. Idi huyu?

Dada akauliza, "Muzee, tujibu nini?"

"Andika muzee amekufa jana. Na alikuwa kichaa."

Donc basi, nyinyi wote munaosoma hii, mukiulizwa, mulinizika.

Kwa Idi musiandike kitu. Lakini mutu akisikia sauti yake kwa simu, aniambie haraka.

Nangoja kuitwa Kibogoyo.