Damu Iliyoingia Kwenye Ripoti

Juzi, kwenye dirisha la kliniki ya sukari hapa Newala, mama mmoja alifuata majibu yake. Mwaka jana watafiti walimtoa damu, wakapime kama mwili wake una vitamini za kutosha kuukinga na madhara ya sukari.

“Majibu yameingia kwenye ripoti, mama,” karani alisema. “Mgonjwa hapewi.”

Mama akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha sindano ilipoingia. “Mwanangu, huku kwetu maji ni ya shida, lakini hata anayeazima ndoo huirudisha. Sasa mimi nile nini, niache nini?”

Karani akatazama kalenda. “Wiki ijayo wanakuja kuchukua damu nyingine. Uwahi, na usile kitu.”

Nawajua watu wetu. Atawahi, hajala, na akishachomwa atasema asante.