Mkwe Katika Behewa Moja

Nilikwenda Kolwezi kujitolea, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na hamu ya kuona miji nisiyoijua. Ujumbe wetu wa amani ulikuwa wa kimataifa, usio na silaha, nao ulihitaji mtu wa Kigoma kama mimi, anayejua Kiswahili na Kifaransa kidogo. Tulidhani tutakaa katikati ya majirani waliogombana mpaka hasira zipoe. Tulipofika, hasira zilikuwa zimeshamaliza kazi yake. Mgodi wa shaba haukulipa mtu tena, na familia za asili ya Kasai, ambazo babu zao waliletwa kuchimba, zilikuwa zimefukuzwa majumbani na wenyeji. Zililala stesheni na madarasani zikingoja treni. Amani yetu ikawa kuwapanga watu katika mabehewa ya mizigo ili waondoke.

Orodha niliiandika mimi. Kiongozi wetu alisisitiza familia zisitenganishwe, kwani katika treni iliyotangulia watoto walipotea njiani. Basi nikamwandika mama mmoja mjane, mwenye kikohozi kibaya, behewa moja na binti yake, wajukuu, na mkwewe aliyekuwa karani wa mgodi. Niliona nimefanya vizuri.

Siku ya kuondoka binti alipanda, watoto wakapandishwa, karani akafuata. Mama alipofika mlangoni akamwona mkwewe. Akajifunika uso kwa kitenge, akageuka. Karani naye akauelekeza uso kwenye ukuta wa behewa.

Nilimsihi mama apande, treni inaondoka.

"Ule ni mukwe wangu, tata," akasema. "Mule tutalala siku ngapi? Ndoo ya kujisaidia ni moja. Mi siwezi."

Nilielewa. Kwetu pia baba hakuwahi kula mbele ya bibi mzaa mama. Lakini nilifikiri aliyepoteza nyumba amepoteza na haya. Nikamjibu kwamba safari hii ni ya kuokoa roho, si ya harusi. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka bila furaha. Mmoja akaniuliza kama kwetu wakwe huogeshana.

Karani aliomba akae juu ya paa. Askari wa reli wakakataa, wengi walikuwa wameanguka. Nikakimbilia behewa la jirani, lakini hakuna aliyekubali kubadilishana nafasi, kila mmoja akiogopa kwamba atakayeshuka hatapanda tena. Binti akataka kushuka amfuate mama yake.

"Bakia na batoto," mama akamwambia. "Mi nitakuya na treni ingine."

Nafasi yake ilijaa kabla mlango haujafungwa.

Treni nyingine ilikuja baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ameshazikwa. Tulimbeba watu wanne. Siku zake za mwisho, kwenye sakafu ya darasa, hakunilaumu. Aliniomba tu niulize kama treni ya binti yake imepita Lubudi salama. Niliuliza stesheni, hawakujua. Nikamwambia imepita.

Tangu hapo nimehamahama, na reli ile naikumbuka kuliko nyumbani. Binti alisema watashukia Mwene-Ditu. Hakuna aliyempelekea habari, na kati ya tuliokuwepo mazikoni ni mimi tu ninayejua alikoshukia. Mara mbili nimekata tiketi ya kwenda huko. Mara zote mbili nilishuka Kamina, kabla ya kufika, nikangoja treni ya kurudi.