Kura ya Jirani Yetu

Juzi nilishuka Shinyanga, nikapata lifti hadi kijijini kwetu. Njiani nikaona uzio wa minyaa umesimama peke yake katikati ya shamba la pamba, ndani hakuna nyumba. Nikamwomba dereva asimame, kisha nikashindwa kumweleza kwa nini.

Pale, rafiki yangu, enzi za Mwingereza, alikaa jirani yetu, mwanangwa, yaani jumbe wa mtemi. Sisi watoto tulilelewa na nyumba zote mbili. Bibi yangu alipeleka kwao matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Mke wa jirani alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wanawake wakitwanga mtama, mitwangio ya huku na ya kule ilijibizana hadi adhuhuri. Bibi alizoea kusema, jirani ndiye husikia kilio chako kabla ya ndugu.

Kisha kikaja chama cha kudai uhuru, nacho kwetu kilipigwa marufuku. Baba aliwakusanya wakulima wa pamba wasikilize habari zake. Asubuhi moja jirani akaja na matarishi wa boma. "Nimetumwa," akamwambia baba. "Usinitazame hivyo." Baba alirudi baada ya mavuno, amekonda, na kile kikohozi hakikumwacha tena.

Mambo yakageuka. Chama kikaruhusiwa, uchaguzi ukafika. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, kipato au cheo. Baba hakuwa na hata kimoja. Jirani alikuwa na cheo. Basi aliyemkamata baba ndiye aliyekwenda mjini kupiga kura, baba akabaki anapalilia pamba.

Habari zilipofika kwamba chama kimeshinda, vigelegele vilianzia sokoni vikaja hadi kwetu. Alasiri vijana wakamwendea jirani na vijinga vya moto. Akatoka uani, akawapita, akamjia baba aliyekuwa amesimama langoni petu.

"Baba Minza, kura yangu niliwapa ninyi. Waambie."

Vijana wakasimama, wakimngoja baba. Wangemsikiliza. Baba akakohoa, akainamisha macho. Hakusema neno.

Ghala la mtama liliungua mpaka jua likazama. Lilinukia kama bisi, na mimi mtoto mate yakanijaa mdomoni. Kesho yake walihama, wakaelekea machimbo ya dhahabu ya Geita, mke wa jirani amejitwika vyungu. Bibi aliwasindikiza hadi njia panda. Aliporudi hakumsemesha baba mpaka mvua nyingine.

Watemi wamekwisha, wanangwa wamekwisha. Hata mitwangio imenyamaza, siku hizi tunasaga mashineni. Wale watu hatukuwasikia tena.

Baba alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, aliniuliza, "Minza, unadhani alisema kweli?"

"Sijui, baba. Kura ni siri."

"Mimi nilimwamini palepale," akasema, akageukia ukutani.