Salamu Kabla ya Kalamu

Siku moja ambayo hadi leo naikumbuka, mwanangu, ni ile sanamu yangu ilipovunjika mguu mbele ya darasa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, nasoma sanaa chuoni, na kwetu ni nyumba ya kupanga hapa Kitengela. Tulikuwa tumeambiwa tufinyange mtu aliyesimama. Mwalimu alituonya wiki nzima: nendeni kwanza mkaangalie watu. Mimi nikajiona najua. Nikafinyanga Mmaasai aliyesimama kwa mguu mmoja, kama wale wa mbao wanaouziwa watalii barabara ya Namanga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila langu lilivunjikia kwenye udongo.

Mwalimu alisema nimemletea mti uliovikwa shuka. Akanipa hadi Ijumaa nilete mtu, la sivyo nirudie mwaka. Na baba, karani aliyetoka Kakamega kututafutia maisha, alikuwa ameshaapa kwamba nikirudia mwaka ananipeleka kujifunza kupiga taipu. Niliogopa sana, maana nilipenda udongo kuliko chakula.

Kesho yake nikaenda Kisaju. Kando ya birika la kunyweshea ng'ombe nikamwona mzee wa Kimaasai ameegemea fimbo. Nikakaa juu ya jiwe, nikaanza kumchora, hata salamu sikutoa. Baada ya kitambo akanijia polepole.

"Unaniangalia kama ng'ombe ya mnada," akasema. "Mimi niko na jina."

Aibu ilinijaa. Nikamnyooshea mkono, akaukataa. Akanieleza kwamba kwao mtoto huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Nikainama. Mkono wake ulikuwa mzito, wenye joto. Akaniambia anaitwa Parmuat, akauliza mimi ni wa nani, na kama ng'ombe wetu wako salama. Nilipomwambia tuna mmoja tu, tena hana maziwa, alinicheka mpaka akakohoa.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami siku hiyo niliuliza mpaka mzee wa watu akachoka. Mguu gani huchoka kwanza? Mbona bega la kushoto limepanda? Ndipo akanieleza kwamba zamani fahali alimpiga teke la nyonga, na tangu hapo uzito wake anauweka upande wa kulia, unaobaki anaiachia fimbo. Kitambo chote kile nilichokuwa namchora, sikuwa nimeliona hilo.

Nilifinyanga siku mbili mfululizo. Ijumaa mwalimu akaizunguka sanamu mara tatu, akachuchumaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee anaumwa na nyonga?"

Nililia palepale darasani, wala sijutii.

Basi, mwanangu, wewe una penseli mkononi na picha za watu tele kwenye simu. Sikuzuii kuzitazama. Lakini ukitaka kumchora mtu, msalimie kwanza kwa desturi ya kwao, umuulize jina lake, na umpe nafasi naye akuangalie. Asiyekujua hakuthamini, na usiyemjua hutamthamini. Mwili wa kila mtu una habari zake, na mwenyewe ndiye wa kukusimulia.

Mungu akuzidishie hamu ya kuuliza. Akuweke karibu na watu watakaokukosoa mapema, na akupe moyo wa kuwashukuru.