Pembeni mwa Gazeti la Mzee Modest

Mzee Modest Shigela ananunua gazeti kila siku, na kila siku anagombana nalo. Simu nzuri anayo, mwanawe alimletea kutoka Dar, na habari zimo humo tele. Lakini ukimuuliza kwa nini kila jioni anaenda stendi kusubiri magazeti yashushwe kwenye basi, atakujibu kwamba simu haina pembeni. Bila ile nafasi nyeupe pembeni mwa habari hawezi kusoma. Anasoma kalamu ikiwa mkononi, ya wino mwekundu, na jambo asilokubaliana nalo analijibu hapohapo. Na Mzee Modest hakubaliani na mambo mengi.

Tuko naye kwenye kiwanda kidogo cha asali hapa Isevya, watu kumi na tisa kwa jumla. Yeye ni mtunza stoo. Anapokea ndoo za wafugaji nyuki, anazipima, ananusa, anaonja kwa ncha ya kijiti, kisha anakuambia asali hii ilichafuliwa na moshi na mwenyewe anabisha bure. Mimi naitwa Levina, nabandika lebo na kufunga chupa kwenye maboksi. Saa nne wakati wa chai gazeti lake la jana linakuwa mezani, nasi tunaligombania. Habari zenyewe hatuzisomi. Tunasoma pembeni.

Mwanasiasa amehama chama kwa mara ya tatu: "Apewe posho ya uhamisho." Kiongozi fulani amezindua ujenzi wa zahanati: "Jiwe la msingi la pili. Mgonjwa alale juu ya mawe?" Ulaya wanajaribu kufanya kazi siku nne kwa wiki: "Wawaulize nyuki kwanza." Gari lisilo na dereva: "Lipelekwe Tura mwezi wa pili kwenye tope, likirudi litusimulie." Akili mnemba sasa inaandika barua za kiofisi: "Imwandikie Nurdini ombi la likizo tuone kama itapewa." Nurdini ndiye meneja wetu, na siku hiyo alicheka mpaka chai ikampalia. Kuna siku ilitoka habari ndefu kuhusu watu wa mijini kufanya kazi wakiwa mbali na mabosi wao, ikaitwa mtindo mpya. Mzee Modest aliijaza pembeni yote, juu mpaka chini: babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani miezi mitatu, tajiri wake hakumwona hata siku moja, na mzigo ulifika. "Mpya kwa nani?"

Basi tukamwita Mhariri. Anajifanya halipendi hilo jina.

Lakini nisimpambe kupita kiasi, kwa sababu mara nyingine aliniudhi. Mtu anayejibu kila kitu kwa maneno manne, kuna siku maneno manne hayamtoshi binadamu mwenzake. Ilitoka habari ya wafanyakazi vijana wanaosumbuliwa na msongo wa mawazo, akaandika "Walale mapema." Nilimwambia, "Mzee Modest, mdogo wangu alilazwa kwa hiyo hali, na kulala alikuwa analala." Alinitazama juu ya miwani, akasema pole, na pole yake ilitoka moyoni. Ila maandishi aliyaacha vilevile. Hajawahi kufuta kitu. Anasema akianza kufuta hatajua aishie wapi.

Yakishasomwa, magazeti yanakuja kwangu. Nafungia chupa ili zisigongane njiani. Kwa hiyo asali yetu inafika Dar imevikwa maoni ya Mzee Modest, na yupo mteja aliyewahi kuuliza kama yule bwana wa wino mwekundu bado mzima.

Mwaka jana mbia wetu wa Dar, ambaye ana hisa kwenye kiwanda na ndiye anayeuza mzigo huko, akataka mahudhurio yachukuliwe kisasa, kwa mashine ya alama za vidole. Nurdini akaitisha kikao. Wengi hatukuipenda, ingawa sababu za maana hatukuwa nazo, tulinung'unika tu. Mzee Modest alisimama na gazeti mkononi. Alisema daftari linadanganya, mtu anamsainia rafiki yake aliyelala nyumbani, kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. "Kidole hakina rafiki," akasema. Alisema amesoma habari za mashine hizi mwaka mzima na anayezipinga ni mvivu anayeogopa kuonekana.

Nurdini akamuuliza, "Kwa hiyo unashauri nini, mzee wangu?"

"Nunueni."

Neno lake lilitosha. Ikanunuliwa, ikapigiliwa ukutani karibu na mlango wa stoo. Unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, umefika. Ripoti inaenda Dar yenyewe bila kupitia kwa Nurdini. Siku za kwanza tuliona raha, hata mimi.

Kwa Nyamizi haikuwaka kijani.

Nyamizi ndiye mtu wa nta. Masega yakishakamuliwa asali yanaenda kwake jikoni uani, anayachemsha kwenye maji, anayaminya kwenye gunia, nta inatoka ya njano safi isiyo na uchafu hata chembe. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na watoto wake wawili wamesoma kwa hiyo nta. Ni mama mpole kutoka Tura, hasemi sana, na akisema ni taratibu. Aliweka kidole, ikalia na kuwaka nyekundu. Akaweka kingine, nyekundu. Akaenda kuosha kwa sabuni. Kesho yake akaosha kwa ndimu, siku ya tatu kwa mafuta ya taa. Nyekundu. Nurdini akamwambia aendelee na kazi, litarekebishwa.

Mwisho wa mwezi ikaja barua kutoka Dar. Nyamizi hakuonekana kazini mwezi mzima, na kwa mujibu wa utaratibu mpya, asiyeonekana siku kumi bila sababu mkataba wake unakoma. Wakampa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata awe ameondoka.

Nurdini alipiga simu mbele yetu. Akaambiwa waliouza mashine wameipima na haina kasoro, kasoro iko kwenye vidole. Akakata simu. "Namwona kila siku kwa macho yangu," akasema, "lakini macho yangu hayatumi ripoti." Nilimkasirikia, ingawa nilijua naye ameajiriwa kama sisi. Mzee Modest alikuwa anakoroga chai. Siku ile gazeti lake lilikuwa na alama mbili tu za wino mwekundu, zote kwenye habari za mpira.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa nafunga chupa. Rundo la juu lilikuwa limekwisha, nikafikia magazeti ya chini, ya kabla ya mashine. Nikakuta kipande cha habari kidogo, ukurasa wa saba: wakulima wa mkoa mmoja walipata shida kusajili laini za simu kwa sababu vidole vyao vimelika kwa kazi na alama hazisomeki. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Waoshe mikono."

Nilisoma mara mbili. Kisha hasira ikanipanda, nikaacha chupa zilivyo, nikampelekea stoo.

"Mzee Modest, haya ni maandishi yako?"

Alivaa miwani akasoma. Akaangalia tarehe juu ya ukurasa, akarudi kusoma. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yangu, lakini nilipomwona uso nikayameza.

"Hii ilikuwa wiki moja kabla ya kikao," akasema.

"Ndiyo."

"Niliambiwa, Levina. Kwa maandishi kabisa. Nikacheka." Akavua miwani. "Yule mama hafukuzwi na mbia wala mashine. Namfukuza mimi."

Akaenda uani, nami nikamfuata kwa sababu mimi ni mbea, sikatai. Nyamizi alikuwa ameinamia sufuria. Mzee Modest akamwamkia kwa Kinyamwezi, kisha akamwomba amwonyeshe mikono. Nyamizi alishangaa kidogo, akaichovya ncha ya mwiko kwenye nta, akaibana nta ya moto kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta polepole. Ikatoka uzi mwembamba.

"Ikivutika hivi bila kukatika, imeiva," akasema. "Kipimajoto walichonipa nilikijaribu, kinachelewa." Akajifuta kwenye kanga na kumpa mkono. Ncha za vidole zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

Mzee Modest aliushika ule mkono kama anayepima ndoo iliyojaa.

"Hata kwenye kusajili laini walinisugua mpaka nikachoka," Nyamizi akasema. "Siku ile ya kikao nilitaka kuuliza. Nikajiambia, kaka Modest anasoma kila kitu, hili atakuwa ameshaliona."

Alilisema bila kulaumu, na nadhani ndiyo maana lilimuumiza. Mzee Modest aliitika tu, akarudi stoo akajifungia.

Jumatatu asubuhi alifika wa kwanza. Tulipoingia tukamkuta amesimama pembeni mwa mashine, mikono nyuma. Alikuwa amenunua daftari jipya la kaunta, amelipigia mistari kwa rula, na jina la kwanza kwenye ukurasa lilikuwa la Nyamizi, saa moja na dakika kumi. La pili lilikuwa lake.

"Hujaweka kidole, Mzee," nikamwambia.

"Sijaweka. Kama Nyamizi hayupo, na mimi sipo."

Sitaki kujifanya shujaa. Nilisimama pale nikiwaza kodi ya nyumba, nikamwaza na Nyamizi, mama aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa sijui hata kushika chujio. Nikasaini daftari. Wengine tisa wakasaini. Sita waliweka vidole kama kawaida na sikuwanunia, kila mtu anajua anachokiacha nyumbani. Nurdini alitoka ofisini, akaangalia daftari, akaangalia mashine, akasema anakwenda kuhesabu ndoo. Ndoo alikuwa ameshazihesabu Ijumaa.

Jumatano ulikuwa mzigo wa Dar, maboksi themanini. Mchana wa Jumatatu na Jumanne Mzee Modest alikaa na mimi kwenye meza ya kufungia. Alichukua karatasi moja moja kabla sijaikunja, akaandika pembeni kwa wino mwekundu, kila karatasi maneno yaleyale: "Chupa hii imefungwa na watu ambao mashine inasema hawapo. Aliyeshauri inunuliwe ni mimi. Nilikosea. Modest Shigela, stoo." Kwa mtu wa maneno manne, lile lilikuwa kama kitabu. Kufikia Jumanne jioni kidole chake cha kati kilikuwa na shimo la kalamu. Nilimwambia karatasi zilizobaki niziandike mimi, akakataa.

"Kosa si lako," akasema.

Mzigo ulifika Dar Alhamisi asubuhi. Ghalani kwa mbia ndiko chupa zinakofunguliwa kabla ya kwenda madukani, kwa hiyo nadhani walisoma wengi. Saa sita simu ya Nurdini ikalia. Tulimsikia kutoka nje ya dirisha akijibu ndiyo, ndiyo, hapana. Inaelekea aliulizwa swali, maana alijibu taratibu:

"Wamefunga watu ambao hawapo, bosi. Ndio hao hao waliofunga mwezi uliopita."

Nilimpenda Nurdini siku hiyo, nikamsamehe yote.

Barua zilikuja Ijumaa kwenye simu yake, akazichapa, tukiwa kwenye chai. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema mkataba wa Nyamizi unaendelea, na wale ambao vidole vyao havisomeki wataandikwa kwenye daftari, meneja atie sahihi. Ya pili ilikuwa ya Mzee Modest: onyo la maandishi, la kwanza katika maisha yake ya kazi, kwa kutumia vifungashio vya kampuni kufikisha malalamiko. Aliisoma akaikunja vizuri. Nilitegemea ataandika kitu pembeni. Hakuandika.

Badala yake akatoa mfukoni lile gazeti la ukurasa wa saba, akaliweka mbele ya Nyamizi pamoja na kalamu nyekundu.

"Hili niliandika kabla ya kikao," akasema. "Usome mwenyewe. Sikutaka ulisikie kwa mtu."

Nyamizi anasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alifika mwisho wa habari, akavuka kwenda pembeni, akayafikia yale maneno mawili. Alimtazama Mzee Modest. Mzee Modest macho yalikuwa yamemjaa maji na hakuyaficha.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuandika kwenye gazeti lake zaidi yake yeye. Nyamizi akachukua kalamu, akainama, akaandika chini ya maandishi yake kwa herufi kubwa kubwa za mtu asiyeandika kila siku: "Nimeosha." Kisha akaweka jina lake mbele, kama anavyosaini daftari, akanyanyuka kwenda uani kwa sababu sufuria ilikuwa jikoni.

Mzee Modest alilikunja lile gazeti akalirudisha mfukoni. Yote mengine yanakuja kwangu kufungia chupa, lakini hilo sijaliona tena.