Kinanda Juu ya Sauti ya Baba

Mama alipobonyeza redio kaseti, sauti ya marehemu baba haikutoka. Ilitoka sauti ya kinanda, nzito, kama mtu anaburuta jiwe ndani ya kisima. Juu yake sauti nyingine, nyembamba, inashuka polepole na haifiki chini. Mama alikuwa ametoka eda siku hiyo, ameoga, amevua zile nguo za ufiwa. Akangoja. Karibu nusu saa, mchana kweupe, na wadogo zangu wakatoka nje mmoja mmoja bila kufukuzwa.

Halafu kinanda kikakatika. Baba akakohoa.

"Sasa umejua, mama watoto. Usimwambie mtu."

Kanda ikaisha.

Baba alikuwa Uarabuni, dereva wa lori. Siku hizo kwetu wengi hawakuandika barua, walituma kanda. Habari ya kifo chake ilifika Isiolo kwanza, kanda ikafuata baadaye mkononi mwa msafiri. Mama alikataa kuisikiza. Alisema sauti ya marehemu ataisikia eda ikiisha, na nyanya yetu kule Garbatulla aisikie siku hiyo hiyo. Kwa hivyo mimi ndiye niliyeipeleka dukani, mtaa wa Wabera, itolewe nakala. Mimi. Hilo silifichi.

Aliyeharibu ni mwenye duka la kanda, Wabera yote inamjua. Alikuwa na kinanda cha umeme. Alipenda zile filamu za zamani za kutisha, za majumba matupu na maiti wanaoamka, akawa anatunga miziki kama ya filamu hizo na kuiweka mlangoni mwa banda la video pale Kiwanjani, vijana waingie.

Nilimrudia na kanda.

"Dada, kanda tupu ziliniishia, hata ile nakala sikutoa, nikarekodi juu ya hii. Ni makosa tu."

Baba alikuwa amevunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Vikivunjwa, mashine haikubali kurekodi juu. Nilikuta mashimo yamezibwa na karatasi ya sigara, imekunjwa vizuri.

"Na hii karatasi pia ni makosa?"

"Labda ni jini wa kwa filamu," akasema, na rafiki zake wakacheka. Halafu akaongeza, "Lakini mzee wako alikuwa anaongea polepole, wallahi. Nilikaribia kulala."

Hapo nikajua aliisikiza yote. Nikamuuliza baba alisema nini. Akawasha kinanda.

Mama alisikiza ile kanda kila alasiri, miaka. Hakuruka muziki hata kidogo. Alisema maneno labda yako chini yake, akawa anaweka sikio hapo. Mwishowe akawa anaimba ile sauti nyembamba akichemsha chai, na ukimuuliza anaimba nini, anasema hajaimba. Alikufa hajui.

Wewe mwenye duka bado uko, umezeeka, nakuona ukienda msikitini. Sitaki kanda nyingine wala sitaki uniombe msamaha. Maneno ya baba yangu yako kwako peke yako, hakuna mwingine aliye hai aliyeyasikia. Alisema nini? Nijibu.